Acha Nyuki Wapite Kwanza

Murungu, Januari 2015

Mwanangu Spesioza,

Umeenda kumuaga bibi yako, na najua hatakuachia mapema. Nyumba iko kimya. Begi lako liko mlangoni, limefungwa kamba kwa sababu zipu imekataa, na mvua iliyonyesha tangu asubuhi imekatika sasa hivi tu. Nimeona nitumie mwanga huu uliobaki kukuandikia, maana kesho pale kituoni tutakuwa na watu, na mimi mbele ya watu huwa naishia kuongea habari za ubovu wa barabara.

Sitakuandikia mambo ya safari. Wapi ufiche hela, na kwamba pale Kasulu usipande gari la mtu anayekuvuta mkono, hayo bibi yako ameyasema mpaka kuku wameyajua. Shangazi yako Rejina atakungoja ng'ambo ya mpaka na kukupeleka hadi kilimani kwetu, tulikozaliwa yeye na mimi. Hayo yamepangwa. Mimi nina jambo moja tu.

Juzi ulikuwa unatwanga karanga, nami nimekaa kwenye kigoda nikimenya nyuzi za majani ya maboga. Hukuniangalia. Ukasema, "Baba, nikifika huko nikapanda, na wewe nikakupandia tuta lako, utakuja?" Nikasema chungu kinamwagika. Chungu hakikuwa kinamwagika. Ulienda ukakitazama, ukarudi ukaendelea kutwanga, na hukuuliza tena. Ndivyo alivyokuwa mama yako. Anauliza mara moja, kisha anakuachia swali ukae nalo.

Nimekaa nalo. Lakini nikikuandikia jibu peke yake utaliona kali, na pengine utadhani nimelitoa kwa hasira au kwa uzee. Kwa hiyo nivumilie nipite kwanza kwenye maua.

Nilipoingia nchi hii nilikuwa kijana aliyetolewa darasani na mauaji ya kwetu, na kitabu cha sarufi ya Kilatini mfukoni, kitu ambacho hakikunisaidia hata siku moja. Pale Makere mzee mmoja alinipa kipande cha mteremko nilime, na mbegu za mahindi na maboga juu yake. Mahindi yalipofika magotini, maboga yakachanua. Kwetu mama yangu alikuwa akipika maua hayo, nami nikayatamani kama mtu anavyotamani sauti ya nyumbani. Nikayachuma. Niliyachuma alfajiri, yakiwa yamefunguka kama viganja na yanaonekana kutoka mbali, na niliyachuma yote. Yale madume yenye kikonyo kirefu chembamba niliyachuma. Yale majike yenye kiboga kidogo shingoni niliyachuma pia, tena hayo kwa furaha zaidi, kwa sababu yanashibisha.

Usidhani sikujua. Shuleni tulifundishwa ua dume na ua jike, niliwahi kuyachora mwenyewe ubaoni mbele ya darasa. Nilijua kabisa kwamba nikichuma hivyo sitapata boga hata moja. Ila boga linataka miezi, na mimi nilikuwa na hakika kwamba kabla halijaiva nitakuwa nimerudi kwetu. Kwa nini nimwachie mtu mwingine maboga? Ua unalila leo.

Msimu ukaisha sijaondoka. Mwaka uliofuata nikapanda tena, nikachuma tena. Nilifanya hivyo nikiwa kijana, nikafanya hivyo ndevu zikianza kuingia mvi. Wenzangu kijijini walinizoea. Walinipa mbegu huku wakijua wananipa maua.

Mama yako, Leokadia, alinikuta katika hali hiyo. Alikuwa ametoka huku Murungu kwenda kumsalimia dada yake aliyeolewa Makere, na asubuhi wakawa wanapita kuelekea kisimani. Nikamsikia dada yake akisema, wala hakupunguza sauti, "Yule ndiye Mrundi wetu anayekula maua."

Leokadia akasimama ukingoni mwa shamba, ndoo kichwani.

"Kaka, mbuzi wako wako wapi?"

"Sina mbuzi."

"Sasa hayo unamchumia nani?"

"Najichumia mwenyewe. Napika."

Akatazama ndani ya beseni langu. "Hata haya yenye mtoto?"

"Hata hayo."

"Na maboga utayatoa wapi?"

"Yakifika wakati wa kuiva sitakuwepo. Narudi kwetu."

"Lini?"

"Karibuni."

Dada yake alicheka mpaka akatua ndoo chini. "Karibuni! Mimi nimeolewa hapa nimemkuta anasema karibuni, nimezaa watoto watatu anasema karibuni!"

Mama yako hakucheka. Alishusha ndoo yake pia, akaingia shambani bila kukaribishwa, akaokota ua moja lililokuwa limejikunja, la jana yake. "Hata sisi tunayala," akasema. "Sikatazi mtu kula. Ila acha nyuki wapite kwanza. Jua likipanda kidogo, haya madume yanafumba yenyewe, kazi yao yameshaimaliza. Hapo unachuma. Utamu ni uleule."

"Yakifumba yanakuwa mabaya kuyatazama," nikamwambia.

"Kwani unayapika au unayaoa?"

Ndiyo siku niliyoanza kutafuta sababu za kwenda kisimani.

Kwao hawakunitaka. Babu yako aliniuliza mbele ya ndugu zake wote, kwa upole, na upole wake uliniumiza kuliko matusi, "Tutampaje binti yetu mtu ambaye mguu wake mmoja uko barabarani?" Nilimwapia kwamba nimetulia. Nilikuwa nasema nikiwa nimevaa viatu, na viatu hivyo nilikuwa nimevinunua makusudi kwa ajili ya safari ya kurudi kwetu. Mama yako alilijua hilo. Alinikubali navyo.

Tukagawana shamba. Yeye matuta yake, mimi matuta yangu. Yake yalizaa maboga mpaka tukawa tunagawia majirani. Yangu yalizaa maua. Kila alfajiri nilishuka na beseni, naye kila alfajiri alinisikia nikitoka. Nyumba niliezeka kwa nyasi za msimu mmoja mmoja. Sikupanda migomba. Siku moja nilimkuta anachimba shimo nyuma ya jiko, na mche wa mparachichi pembeni.

"Huo atakula nani?" nikamuuliza.

"Atakayekuwepo."

Nilikasirika, mwanangu. Niliona kama ananifungia mlango. Tulikaa bila kusemezana mpaka wewe, ambaye ulikuwa hujajua hata kutambaa, ukatupatanisha kwa kuugua homa. Mparachichi ule nasikia bado upo. Gari lako kesho litapita Makere. Wenyewe hauonekani kutoka barabarani, na waliojenga pale ni watu wema waliokuwa hawana pa kujenga.

Halafu ukaja mwaka ule wa amri, kwamba sisi tuliotoka ng'ambo tusikae vijijini, twende kambini. Mama yako alikuwa mwananchi. Mimi sikuwa. Wewe ulikuwa mgongoni kwake. Ninachokumbuka ni kwamba shamba lote lilikuwa la njano. Nilikuwa nimeamka nichume, na beseni lilibaki pale juu ya tuta, maana niliitwa kabla sijaanza.

Kambini mtu alikuwa na ukanda wa udongo ubavuni mwa nyumba, upana wa kitanda. Nilipanda boga moja pale, nikala maua yake. Wenzangu wote walifanya vivyo hivyo. Kambi nzima tulikuwa watu tunaongoja, na mtu anayengoja hana subira hata kidogo, hilo usilisahau. Kungoja kunamla mtu subira yake yote. Kulikuwa na mama mmoja wa Kongo, jirani yangu, aliyekuwa akisema, "Papa, weye unakula maua kila siku, siku moja utaota majani." Naye kesho yake utamwona na beseni.

Mama yako alikuja kuniona kabla hajarudi huku kwao. Alikuja na wewe mgongoni na boga kichwani. Boga kubwa, la kijivu, lenye mabaka. Akalitua mlangoni pangu.

"La nini hilo?"

"La kula."

"Umelitoa kwenye matuta yako?"

"Yako," akasema. "Lilijificha chini ya mahindi. Ulisahau ua moja."

Tulilipika siku hiyohiyo, tukawaita majirani, na yule mama wa Kongo alilamba vidole akasema, "Kumbe papa anajuaga kulima!" Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimeishi nchi hii zaidi ya miaka ishirini, na hilo lilikuwa boga la kwanza kutoka kwenye tuta langu. Nilikula kipande kimoja. Kilikuwa kitamu mno, nami nikashindwa kumeza cha pili.

Hujui hayo, ulikuwa mdogo. Unachokijua wewe ni Murungu, maana niliporuhusiwa kutoka kambini nilikuja huku mikono mitupu, na babu yako akanipokea kwenye ardhi yake bila kunikumbusha maneno yake. Hapa ndipo mama yako alipokufundisha. Nakukumbuka umesimama juu ya jiwe ili ufike kwenye meza ya jikoni, unang'oa vile vijani vyenye manyoya chini ya ua, unafungua ua kwa kidole, unatoa kile kijiti cha njano cha katikati kwa sababu kinachachua, unakung'uta sisimizi weusi. Mama yako anakwambia, "Usiyaoshe kama unafua nguo." Majani machanga chini, karanga zilizotwangwa juu yake, mawese kidogo, na maua mwisho kabisa, chungu kikiwa kimeshaepuliwa, yaive kwa mvuke tu. Ulikuwa unalia kila mara kwa sababu beseni zima lilishuka likawa kiganja kimoja. "Yameenda wapi?" ulikuwa unauliza. Mama yako anakujibu, "Yamo humohumo. Yamesogeleana."

Na yule mke wa mwenye duka pale Kibondo, Mama Zuhura, mtu wa pwani, aliyekuwa akinunua maua yetu siku za soko. Siku alipotuita tuonje alivyoyapika kwa nazi, mama yako alikula kwa adabu zote, akashukuru, akaaga. Tulipofika njiani ndipo akasema, "Maskini maua. Yamezama." Lakini wiki ya pili nilimkuta anakuna nazi, tena ametumia hela ya sabuni kuinunua. Alikuwa hivyo. Alikataa kwa mdomo, halafu akajaribu kwa mikono. Ningependa uwe hivyo pia, kuliko kuwa kama mimi niliyekubali kila kitu kwa mdomo.

Sasa nakuja mahali pagumu.

Msimu ule alioanza kuumwa, chakula kilimkataa. Ulikuwa shuleni kwa wiki nzima na kurudi Jumamosi, kwa hiyo hukuona yote. Siku moja akasema anatamani maua. Nikatoka alfajiri ileile. Kulikuwa na ukungu. Nilichuma madume yote ya shamba zima, ya matuta yake na yangu, mpaka beseni likajaa, kwa sababu nilijua beseni likijaa ndipo kinapatikana kiganja. Nilipika kama alivyotufundisha. Nikamketisha. Akatia tonge, akatafuna taratibu, akaniangalia.

"Nyuki walipita?"

"Walipita," nikasema.

"Mwongo." Akatabasamu, nalo lilikuwa tabasamu zima, halikupunguzwa na maradhi. "Yangali na umande ndani. Unanichumia kama mtu anayesafiri kesho."

Akala yote. Nilichuma tena kesho yake, na kesho kutwa, kila alfajiri, kwa sababu ndicho chakula pekee alichokimaliza. Nyuki walipofika walikuta majike peke yake, na majike yakanyauka na viboga vyao, moja moja, mpaka shamba likawa majani matupu. Aliyaona kutoka mlangoni. Tulimzika kabla ya mavuno, na wakati wa mavuno hapakuwa na cha kuvuna. Jumamosi moja ulirudi ukaniuliza maboga yako wapi, nami nikakwambia ni ukame. Ulitazama udongo, ulikuwa umelowa, ukaniachia.

Sikuandikii hilo nikitaka unihurumie. Ningeambiwa nirudie asubuhi zile, ningechuma vilevile. Kuna siku mtu hana muda wa kungoja nyuki, na hapo unachuma tu, na hasara yake unaibeba. Kosa langu halikuwa msimu ule. Kosa langu ni kwamba niliishi misimu mingine yote, mtu mzima mwenye afya, mke na mtoto ndani, kama vile kila siku ilikuwa siku ile.

Na wewe nimekuambukiza. Ndiyo maana begi lako liko mlangoni.

Nilikulea kwa kilima. Kila nilipoona huku pamenishinda nilikusimulia kule: ua wa nyumba yetu, maboga yaliyotambaa mpaka karibu na mto, mama yangu akirudi na ungo umejaa njano. Hakuna neno la uongo humo, lakini ni macho ya mtoto yaliyoona hayo, na mtoto haoni nani ana njaa, wala nani hamsalimii nani. Mimi nilisimulia ili nipate usingizi. Wewe ulisikiliza ukapata nchi.

Utakayoikuta si hiyo. Shangazi yako ameniambia kwenye simu, naye hapendi kunitisha: shamba limegawanywa, upande mmoja wanakaa watu waliozaliwa palepale, wasiojua kwamba palikuwa pa mtu, na mawe ya mpaka yanahamishwa kwa maneno kila siku. Wasalimie. Hawakukunyang'anya chochote wao. Watakuita Mtanzania. Watacheka Kirundi chako chenye Kiha ndani yake, kama walivyocheka hapa Kiswahili changu chenye Kirundi ndani yake. Usijitetee. Mimi nilijitetea miaka mingi, na hakuna aliyenipenda zaidi kwa sababu hiyo. Wapikie. Mtu akishakula kwako mara mbili huona aibu kukutafutia jina.

Kuna jambo jingine, nami nalisema mara moja tu. Redio ya jirani inataja uchaguzi wa huko kila jioni. Sijui siasa zao za sasa, na hao wanaotajwa siwafahamu. Ila nawasikia watu wanaovuka wakija sokoni Kibondo, namna wanavyoshusha sauti wakifika kwenye habari hizo, na sauti hiyo ya chini naifahamu. Niliisikia nikiwa na kitabu cha Kilatini mfukoni. Huenda ni masikio ya mzee. Ningeweza kukuomba usiende, na nina hofu kwamba ungenitii. Ungebaki hapa ukila maua, ukiwa na kilima kichwani, ukingoja nife ndipo uondoke. Nimeyaona maisha hayo kwa karibu. Nenda.

Nenda, lakini ukifika fungua begi. Lifungue siku hiyohiyo, toa vitu vyote, kamba itupe. Zile mbegu ulizofunga kwenye kitambaa cha mama yako zipande zote, usiweke nyingine akiba ya kwingine. Na karibu na nyumba panda kitu kinachochelewa. Mparachichi, au chochote ambacho mtu mpumbavu atakuuliza atakula nani.

Sasa swali lako.

Asubuhi, wewe ukiwa umelala bado kwa uchovu wa kufua, nilishuka na beseni kuchuma maua ya chakula chako cha mwisho hapa. Mvua ilikuwa ya manyunyu, baridi, na nyuki hawakutoka. Nilingoja. Uliponiita uji umeiva nikajibu nakuja, ulidhani nafanya nini? Nilikuwa nimesimama kwenye mvua nikingoja nyuki, mimi. Hawakuja.

Kule mwisho wa shamba, pale mtambaa mmoja wa boga ulipovuka ukaelekea kwenye kaburi la mama yako, kulikuwa na ua jike moja limefunguka. Moja tu, na ua jike la boga ni la asubuhi moja. Nikachuma madume yaliyokuwa karibu, nikamenya petali zake nikazitia kwenye beseni, nikabaki na vile vijiti vya katikati vyenye unga wa njano. Nikainama, na unajua magoti yangu yalivyo, nikampakia yule jike unga ule taratibu, kijiti kimoja, kisha kingine, kama nyuki angefanya. Nilikumbuka ubao wa shule. Kisha nikalifumba lile ua kwa vidole nikalifunga kwa uzi, mvua isije ikaliosha. Uzi ni ule mwekundu uliobaki kwenye pindo la gauni lako la safari, ulikuwa umenasa kwenye mkono wa koti langu.

Petali ulizila mchana. Ulisema chumvi imezidi.

Likishika, litakuwa boga la mwezi wa nne hivi, au wa tano. Sijawahi kulifanyia boga lolote kitu kama hicho. Nilipoinuka pale, matope magotini, nilijikuta nahesabu mvua zilizobaki, nawaza majani ya kulifunika, mbuzi wa jirani nitamzuiaje, na ndipo nikagundua kwamba nimeshakujibu.

Sitakuja, Spesioza. Usinipandie tuta. Miaka yote niliyosema narudi karibuni nilikuwa nikisema kweli, na mtu niliyekuwa nikimsemea ameshapita. Aliyebaki ana mke huku, na sasa ana kitu shambani ambacho hakijaiva. Utasema boga moja si sababu ya baba kumwacha mtoto wake peke yake kilimani. Ni kweli, si sababu. Sina nyingine.

Ila nitakuwepo. Hilo sijawahi kumwahidi mtu. Ukitaka kurudi kwa heri, ukitaka kurudi kwa mbio, mlango huu hauna kufuli na mtu wake hajaenda popote.

Nasikia sauti yako kwa bibi yako, unacheka naye, kwa hiyo namaliza. Barua hii nitaitia chini kabisa ya begi, uipate utakapolifungua; la kulifungua siku hiyohiyo nitakukumbusha kituoni.

Nitakachokuomba kesho alfajiri nitakuomba kwa mdomo, maana barua hii utakuwa bado hujaiona. Utashuka shambani kumuaga mama yako. Utaliona pale, limefumba, lina uzi mwekundu shingoni, na najua mikono yako, hujapata kupita kwenye ua la boga bila kulichuma. Umefundishwa na mimi.

Hilo lipite.

Baba yako,
ninayebaki Murungu